Caliban Azungumzapo Kipemba: Jinsi Uigizaji Unavyomfikisha Mtu kwenye Utambulisho Wake

Walimu wa fasihi, wazazi na hata waigizaji wenyewe hupenda kusema kwamba mchezo wa kuigiza humsaidia kijana kujijua. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza jambo hilo hutendeka vipi, na likiulizwa, majibu mawili hutolewa upesi. Wapo wanaosema kwamba ndani ya kila mtu mna nafsi ya kweli iliyojificha na kwamba jukwaa huifungulia mlango. Wengine husema kwamba mwigizaji huiacha nafsi yake, akaingia katika ya mhusika, na akirudi huwa amepanuka. Majibu yote mawili yana kasoro moja: yanamfanya mwigizaji kuwa mtu anayetokewa na jambo, ilhali aliyewahi kukaa katika mazoezi ya mchezo mrefu anajua kwamba kinachofanyika humo ni kazi ya kuamua. Makala hii inaichambua kazi hiyo kwa kuutumia mchezo mmoja wa kale, Tufani wa William Shakespeare, na mahali pamoja, visiwa vya Unguja na Pemba, ambako swali la nani ni nani lina historia ndefu na mara nyingine chungu.

Kisa cha Tufani kinajulikana na wengi, lakini inafaa kukikumbusha kwa kuwa hoja nzima inakaa ndani ya vipengele vyake. Prospero alikuwa mtawala wa Milan. Ndugu yake Antonio akampindua na kumtupa baharini pamoja na binti yake Miranda, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu. Chombo kikawafikisha kwenye kisiwa alikoishi Caliban, mwana wa mchawi Sycorax aliyefukuzwa Algiers, na ambako roho aitwaye Ariel alikuwa amebanwa ndani ya mti wa msonobari. Prospero akamfungua Ariel na kumfanya mtumishi, akamfanya Caliban mtumwa, na baada ya miaka 12 akazusha tufani kwa uchawi wake ili kuwaleta maadui zake pwani. Mchezo ulionyeshwa mbele ya Mfalme James, London, tarehe 1 Novemba 1611, ukachapwa mwaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi wake kufariki. Msomaji wa Kiswahili ameupata tangu 1969 kwa tafsiri ya Samuel Mushi, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshaifasiri Makbeth. Mwalimu Nyerere naye alikuwa ametoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka huo huo wa 1969.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kijana wa Kizanzibari apelekwe kwenye mchezo wa Mwingereza wa karne ya 17 wakati anaweza kuandikiwa mchezo unaohusu maisha yake mwenyewe. Swali ni la haki, na michezo ya nyumbani nitairudia hapo chini. Ila mchezo ulioandikwa kwa ajili yako una tabia ya kukubembeleza. Neno likigoma kutoka unaomba libadilishwe, na mwandishi, ambaye pengine ndiye huyo aliyekaa kiti cha pili akinywa chai, analibadilisha. Mchezo wa kale haubadilishwi kwa wepesi huo, kwa kuwa maneno yake yalikuwapo kabla yako na yatabaki baada yako, na wewe ndiye unayelazimika kuyatafutia njia ya kuyasema. Mtu anayepimiwa kanzu iliyokwisha kushonwa hujua upana wa mabega yake pale inapombana, wala si pale inapomkaa vizuri. Ndivyo ilivyo kwa mhusika wa kale: pale anapokubana, pale sentensi inapokataa kutoka kinywani au inapotoka kwa sauti usiyoitarajia, ndipo panapostahili kuchunguzwa.

Katika visiwa hivi mtu hujulikana kwanza kwa watu wake. Kijana akipita barazani huulizwa yeye ni mtoto wa nani, kisha kwao wapi, na majibu mawili hayo hutosha kumweka mahali pake: Mtumbatu, mtu wa Makunduchi, Mpemba wa Wete, Mngazija, mwenye asili ya Oman au Hadramawt, mjukuu wa Mnyamwezi au Mmanyema. Mpangilio huo unaonekana wa kudumu, lakini kumbukumbu za serikali zinaonyesha vingine. Katika sensa ya 1924 makumi ya maelfu ya watu walijiandikisha kuwa ni Waswahili. Katika sensa ya 1931 waliojiita hivyo walikuwa wachache mno. Watu hao hawakuwa wamehama wala kufa. Jina lile lilikuwa limeanza kunuka utumwa, ambao hadhi yake ya kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na wengi wakaona afadhali kujiandikisha kwa jina jingine. Mwimbaji mmoja maarufu sana wa visiwani, aliyezaliwa Fumba, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Ulimwengu unamjua kwa jina la Siti binti Saad, na jina hilo alilipatia katika kuimba. Kwa hiyo tunapozungumzia utambulisho unaopatikana mbele ya hadhira hatuleti fikra ngeni. Mababu na mabibi walikwisha kuifanya kazi hiyo, bila ya jukwaa la mbao na mara nyingi kwa hatari kubwa zaidi.

Sasa turudi kwa Caliban. Karibu na mwanzo wa mchezo anamwambia Prospero kwamba kisiwa ni chake, amekirithi kwa mama yake Sycorax, na Prospero amemnyang'anya. Anakumbusha kwamba hapo mwanzo alipendwa, akapapaswa kichwa, akafundishwa majina ya ile nuru kubwa ya mchana na ile ndogo ya usiku, naye kwa mapenzi akamwonyesha mgeni chemchemi za maji matamu, mashimo ya chumvi, ardhi tasa na ardhi yenye rutuba. Msikilizaji wa Unguja haambiwi maana ya maneno hayo. Anayejua tofauti ya ardhi ya mawe ya mashariki na udongo wa mikarafuu, na anayejua kijiji kinavyotegemea kisima kimoja cha maji baridi, anafahamu kwamba aliyeonyeshwa vitu hivyo ameonyeshwa kila kitu.

Katika mazoezi niliyoyafuatilia kwenye darasa la skuli moja hapa Mjini, mwongozaji aliwapa vijana watatu kipande hicho kwa zamu kabla ya kuamua nani atakuwa Caliban. Wa kwanza, Mpemba, alipita haraka kwenye madai ya urithi na sauti yake ikapanda alipofika kwenye chemchemi. Kilichomuuma kilikuwa ni ukarimu uliolipwa kwa dharau. Wa pili, ambaye ukoo wake una asili ya Oman, aliyasema madai ya umiliki kwa sauti ya chini mno, na alipoombwa aongeze sauti akacheka kwa haya. Wa tatu alikwama kabisa.

"Maalim, hii haikai," alisema.

"Haikai wapi?"

"Hapa kwa mama. Nikisema kisiwa nimekirithi kwa mama yangu naona nasema uongo. Bibi yangu mimi aliletwa kutoka bara, hakuzaliwa hapa."

"Na Sycorax je? Yeye alizaliwa pale?"

Kijana akarudi kwenye karatasi zake, akazipekua mpaka akapata mahali Prospero anapoeleza kwamba Sycorax aliletwa na mabaharia akiwa na mimba, wakamwacha kisiwani. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama anaweza kuanza tena. Safari hii hakupaza sauti. Alisimama, akamkabili Prospero uso kwa uso, akakisema kipande chote bila kupumzika.

Kilichotokea pale kinastahili kuelezwa kwa uangalifu. Kijana hakufichua Caliban aliyekuwa amelala ndani yake, na wala hakujisahau akawa mtu mwingine. Kinyume chake, alijikumbuka zaidi kuliko wenzake wawili. Alikuja na kanuni ambayo hakuwahi kuitamka, kwamba wa mahali ni yule tu ambaye wazee wake hawakutoka kwengine, na kanuni hiyo ikagongana na sentensi iliyoandikwa miaka 400 iliyopita na mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za nyumba yao. Alilazimika kuchagua: ama amwone Caliban mwongo, ama aikane kanuni yake. Alipoichagua njia ya pili, alipata jambo la kusema juu ya bibi yake ambalo halikuwapo asubuhi ya siku ile.

Mchezo, hata hivyo, haumwachii mwigizaji ushindi mwepesi. Mara baada ya madai hayo Prospero anajibu kwamba alimweka Caliban katika makazi yake mwenyewe mpaka Caliban alipojaribu kumnajisi Miranda, na Caliban hakanushi. Anasema laiti angefaulu, angekijaza kisiwa watoto mfano wake. Nimeona waongozaji wakilikata jibu hilo ili Caliban abaki mtu aliyedhulumiwa tu. Huo, kwa maoni yangu, ni woga unaoigharimu kazi yote. Kijana aliyekwisha kuipenda haki ya Caliban anatakiwa dakika hiyo hiyo kubeba na hatia yake, na mwigizaji aliyenyimwa uzito huo huondoka na kaulimbiu badala ya utambulisho.

Suala la lugha linakwenda mbali zaidi. Caliban anasema kwamba faida aliyoipata kwa kufundishwa lugha ni kujua kulaani. Wengi huishia hapo, wakimfanya mfano wa mtawaliwa aliyelishwa lugha ya mtawala, na usomaji huo una uzito wake: Aimé Césaire wa Martinique aliuandika upya mchezo huu kwa Kifaransa mwaka ule ule wa 1969 na kumfanya Caliban mtumwa mweusi anayedai uhuru. Lakini tukiutazama mchezo wa awali tunakuta jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Stephano na Trinculo, watumishi walevi waliotoka Ulaya, huzungumza kwa nathari, ilhali Caliban, anayeitwa dubwana, huzungumza zaidi kwa ushairi. Tena ni yeye aliyepewa maneno mazuri kuliko yote kuhusu kisiwa: kwamba kimejaa sauti na nyimbo tamu zisizodhuru, na kwamba akiamka baada ya kuzisikia hulia ili alale aote tena.

Huku kwetu suala hili lina sura yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo msemaji wa Mjini amejiona amekaa katikati ya lugha, na msemaji wa Micheweni, Tumbatu au Makunduchi, ambaye lahaja yake haipungui kitu kwa umri wala utamu, amezoea kurekebishwa na kuchekwa. Yule kijana wa Pemba, ambaye hatimaye ndiye aliyepewa Caliban, alianza mazoezi akijikaza kusema kama msoma taarifa ya habari, na kila alipojikaza mhusika alikufa mikononi mwake. Waliafikiana na mwongozaji kwamba mbele ya Prospero atasema Kiswahili cha tafsiri neno kwa neno, lakini kipande kile cha sauti za kisiwa atakisema kwa lafudhi ya kwao. Matokeo yake ni kwamba hadhira iliisikia lafudhi ya Pemba ikibeba ushairi wa hali ya juu kuliko wote katika onyesho, na si kichekesho, ambacho ndicho kazi inayopewa kila siku katika michezo yetu ya televisheni. Uamuzi huo ulimrudishia kijana kitu alichokuwa amekwisha kukubali kukificha.

Miranda naye ana mambo yake. Ni mwanamke pekee wa kibinadamu anayeonekana katika mchezo mzima, amelelewa na baba peke yake, na kila anachokijua juu yake mwenyewe ameambiwa na baba huyo. Baba amemkataza asimtajie jina lake Ferdinand, mwana wa mfalme aliyeletwa pwani na tufani ile. Ferdinand anabeba magogo, adhabu aliyopewa na Prospero, Miranda anajitolea kumsaidia kuyabeba, na alipoulizwa anaitwa nani anajibu: Miranda. Papo hapo anashtuka kwamba amevunja amri ya baba. Mahali ambapo msichana huitwa binti fulani mpaka aolewe, kisha mke wa fulani, kisha mama fulani, kulitaja jina lako mwenyewe mbele ya watu 200 si jambo dogo. Binti aliyekuwa akiifanya nafasi hii alisumbuka na neno hilo moja kuliko hotuba zake zote: alilitamka upesi, au akainama. Wengine wangedhani suluhisho ni kumtaka awe jasiri, lakini yeye hakuukubali ujasiri huo wa kuagizwa, akasema kwamba yeye angelitaja jina lake na angeona haya kwa wakati mmoja, na kwamba haya hiyo si udhaifu. Aliigiza hivyo, kichwa kikiwa kimefunikwa kwa mtandio wake wa kila siku na bila ya kushikana mikono na Ferdinand, sharti ambalo mama yake alilitoa na kundi likalikubali. Gogo ndilo lililofanya kazi ya mikono: mmoja alishika upande huu, mwengine upande wa pili. Sioni kwamba mchezo ulipungukiwa.

Nadharia za uigizaji zinasaidia kuyaelewa haya kwa kiasi. Denis Diderot, Mfaransa aliyeandika katika karne ya 18 maandishi yaliyochapwa mwaka 1830, alishikilia kwamba mwigizaji bora hahisi chochote, ila anahesabu kila ishara. Konstantin Stanislavski, mmoja wa waasisi wa Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, alimtaka mwigizaji ajiulize angefanya nini kama yeye mwenyewe angekuwa katika hali ile. Bertolt Brecht akataka mwigizaji abaki pembeni ya mhusika, amwonyeshe na kumhukumu. Hushindanishwa kana kwamba mmoja lazima awe sahihi, lakini vijana wale walipita kwa wote watatu ndani ya wiki moja: walijiuliza wangefanya nini, wakagundua kwamba wao wasingefanya alichokifanya mhusika, na kutokana na umbali huo wakaamua namna ya kumwonyesha. Umbali wenyewe ndio wenye faida, kwa kuwa ndio unaompa mwigizaji mahali pa kusimama na kujitazama.

Tunao mfano wetu wa kupambanua jambo hili. Katika ngoma za pepo, kibuki kikiwa ni mojawapo, mtu husema kwa sauti ya mwingine, hudai kinywaji au nguo, hata humkaripia mkubwa wake, na baadaye halaumiwi kwa kuwa aliyesema ni pepo. Kwa nje hilo linafanana na uigizaji, na wazee wengine huwaogopea watoto wao jukwaa kwa sababu hiyo. Tofauti yake ni kubwa. Aliyepandwa na pepo hahitajiki kukumbuka, ilhali mwigizaji lazima akumbuke yote na aweze kuyarudia kesho saa mbili usiku kwa mpangilio ule ule. Na akiulizwa kwa nini alitulia pale, ana jibu lake mwenyewe. Farouk Topan, mzaliwa wa Unguja aliyetuandikia Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo, ndiye huyo huyo aliyefanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu nyimbo za pepo Mombasa, na sidhani kama ni sadfa kwamba mtunzi wa tamthilia alivutwa na mpaka huo.

Mpaka huo lakini huvukika. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, wanafunzi wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, wanamaliza, wanacheka, lakini Kitaru hawezi kuuacha. Mchezo unamfuata mpaka anaugua, na matibabu hayamfai kitu kwa kuwa anachokihitaji ni kuelewa walichokicheza. Juma, mwana wa familia iliyokuwa na mali ikaipoteza, ana sababu zake za kutoyatazama mambo yale kwa jicho la Kitaru. Waongozaji wa vijana wanapaswa kuisoma tamthilia hiyo kama onyo la kikazi. Mazoezi yanayomfikisha kijana mahali panapombana bila kumpa nafasi ya kuzungumza baadaye humwacha na Shetani wake peke yake.

Hatari nyingine ni ugawaji wa nafasi, na hapa nitasema bila kuzunguka. Nimeona zaidi ya mara moja kijana mweusi kuliko wenzake akipewa Caliban bila hata ya kujaribiwa, na mwenye rangi ya maji ya kunde akipewa Ariel. Katika kisiwa kilichopitia historia tuliyonayo, mwongozaji anayefanya hivyo hamsaidii mtu yeyote kujitambua, bali anamrudishia lebo aliyokuja nayo kutoka barazani, na mtaani ataitwa Caliban mpaka aoe. Njia ya yule mwongozaji wa Mjini, ya kuwapitisha watu watatu kwenye kipande kimoja kabla ya kuamua, inagharimu muda tu, na hata yule atakayeishia kucheza baharia asiye na jina huwa amekwisha kuonja swali la umiliki wa kisiwa.

Limebaki suala la namna ya kutoka. Shakespeare mwenyewe alilifikiria, na ndiyo maana mchezo haumaliziki pale maadui wanaposamehewa. Prospero, ambaye dakika chache kabla amekiri mbele ya wote kwamba kiumbe yule wa giza, yaani Caliban, ni wake, anabaki peke yake na kusema mistari 20 kwa hadhira: uchawi umekwisha, nguvu alizobakiwa nazo ni zake mwenyewe na ni chache, na hawezi kuondoka kisiwani mpaka watu wampigie makofi wamwachie. Haijulikani kama anayeomba kuachiwa ni mtawala wa Milan au kijana aliyekuwa akimwigiza. Mwongozaji anayetaka waigizaji wake wafike mbali asiiachie mistari hiyo iwe salamu ya kufungia. Aamue mapema pamoja nao kama Prospero ataisema akiwa bado amevaa joho au amelivua, kama ataisema kwa Kiswahili cha tafsiri au kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na kama mama yake, aliyeketi safu ya mbele, atatazamwa au ataepukwa.